Ndege Mwenye Koo la Tofali

3 Septemba

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo Mama.

Barua sizijui. Marehemu binti yako ndiye alikuwa akiandika, mimi naweka jina chini. Sasa hayupo, naandika mwenyewe. Utavumilia.

Neno ni moja. Ndege wamefika.

Mwezi wa tano, baada ya msiba, ulimchukua mtoto ukasema akae kwako mpaka nitulie. Nilikubali. Mwezi wa saba nikamtuma dereva wa basi akuulize lini nimfuate. Ukajibu kwamba mtoto tangu msiba hasemi sana, ila umemuuliza lini anataka kwenda kwa baba yake, naye amesema maneno mawili, "Mbayuwayu wakija." Ukasema tuheshimu hilo, maana mama yake alikuwa akimwonyesha hao ndege kila mwaka.

Nimeheshimu. Nimengoja.

Jana mchana wamekuja. Wengi. Weusi. Wanazunguka bomba la tanuri wanapiga kelele kama watoto waliofunguliwa shule. Nimewatazama muda mzima wa kula, hawakutua hata mara moja.

Chumba nimekipiga chokaa. Kitanda chake kilikuwa na mguu mbovu, nimeutengeneza. Sanduku la nguo za mama yake liko pale pale, sijaligusa.

Jumamosi nakuja kumchukua.

Mimi mkweo,
wa kiwanda cha matofali

*

9 Septemba

Mkwe wangu,

Marahaba. Jumamosi usije.

Hao uliowaona si mbayuwayu. Ni teleka. Mweusi mwili mzima, kipande cheupe kiunoni, mabawa kama mundu, kelele juu ya majengo, hatui. Hatui kwa sababu miguu yake haimruhusu kukaa kwenye waya. Hao wapo mwaka mzima. Wamekuwa juu ya kichwa chako tangu uanze kazi hapo, leo ndiyo umewaona.

Miaka kumi na minne umelala nyumba moja na binti yangu, na ndege wake humjui. Haya, nitakufundisha. Nimeshona sare za shule miaka arobaini, nitakueleza kwa kazi yangu.

Mbayuwayu mwenyewe amevaa koti la bluu iliyokolea, bluu ya hariri. Kivulini utadhani nyeusi. Akigeuka juani inang'aa. Paji la uso jekundu la kutu, na koo hivyo hivyo. Chini ya koo kuna mkanda wa bluu, kama kola iliyofungwa kifungo cha juu. Kutoka hapo kushuka ni bitana, rangi ya maziwa yaliyolala. Mkia umepasuliwa kwa mkasi, pembe mbili, na kila pembe ina uzi mrefu, kama fundi alisahau kuukata. Akiutandaza mkia utaona madoa meupe yamepangwa mstari, kama vifungo.

Huyo anatua. Anakaa kwenye waya na wenzake wanapiga soga, sauti ndogo ndogo, kama mtu anayechekesha mtoto mchanga.

Ukimwona huyo niandikie. Tena uniandikie ulichokiona, si unachotaka nikubali.

Mtoto mzima. Anakula, anakwenda shule. Ananitungia uzi kwenye sindano, ndiyo maana hapa namwita Sindano. Hasemi sana, lakini hasumbui.

Mama mkwe wako

*

18 Septemba

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo. Barua yako imenichapa. Sawa, nilistahili.

Nimempata sasa. Chini ya paa la ofisi ya nyapara wapo wawili. Wanakaa kwenye waya, kama ulivyosema. Mgongo bluu inayong'aa. Mkia una nyuzi mbili nyembamba, ndefu. Wekundu upo, uko kichwani, kama kofia. Chini weupe. Wamejenga kwa udongo wetu, kijumba kama nusu bakuli kimebandikwa ukutani. Udongo wanauchota kwenye shimo tunalochimba sisi. Wanaufanyia kazi vizuri, hakuna ufa. Hata nyapara amekiri.

Nyapara alinikuta nimeinua shingo. Akasema, "Wewe, paa linavuja?"

Nikasema, "Natazama ndege."

Akasema, "Na matofali nayo yanakutazama wewe. Yanauliza utakuja lini."

Basi. Kama hao ndio, niambie nije.

Ukurasa wa pili usimsomee mtoto.

Mama, ulipotuma habari kule kambi ya barabara, kabla sijaja huku kiwandani, kwamba mwenzangu anaumwa, niliipata Jumatatu. Wewe unadhani ilichelewa njiani. Haikuchelewa. Tulikuwa tunajenga kalvati, barabara ile ya mlimani. Zege lilikuwa limeshachanganywa. Mkubwa wa kambi mwenyewe aliniambia nenda nyumbani. Nikasema nimalize kwanza. Nilidhani ni homa ya kulala siku mbili na kuamka. Nikaondoka Alhamisi. Nikafika mmeshamzika.

Hujaniuliza na sijakwambia. Nimekaa nalo miezi minne. Nikifyatua tofali naliona, nikilala naliona.

Mtoto anadhani habari ilichelewa. Akijua kweli hatarudi kwangu, wala simlaumu. Nakwambia wewe ili kama utaninyima mtoto, uninyime kwa hilo. Usininyime kwa ndege.

Mkweo

*

27 Septemba

Mkwe wangu,

Marahaba.

Huyo naye siye. Umekaribia, ni ndugu yake. Huyo wa kofia nyekundu na tumbo jeupe ni mwenyeji. Anajenga huku, anazaa huku. Mtazame kooni, hana kitu, weupe mtupu. Wetu kichwa chake ni bluu, wekundu uko kwenye paji na kooni, halafu ule mkanda. Bila mkanda siye. Sare bila kola ni nguo tu.

Na usimtafute kiotani. Wetu hajengi huku. Kwake ni mbali, juu kaskazini. Kule anajenga kwenye mabanda ya watu, juu ya ng'ombe na majani makavu, watu wanamwachia dirisha wazi. Baridi ikianza anaondoka na watoto wake. Anavuka maji na mchanga akiwa na uzito wa vifungo sita vya koti. Nilimweleza hivi binti yangu alipokuwa mdogo, hakulala mchana ule, alikaa mlangoni anauliza, wanakula wapi njiani? Nikamwambia wanakula wakiruka. Wanakunywa wakiruka pia, wanagusa maji kwa mdomo na kupita. Akasema basi hao hawajawahi kuketi mezani.

Mwambie aangalie chini, asiangalie juu. Mbayuwayu hapendi kupita juu sana. Anapita chini, karibu na majani, karibu na maji.

Ukurasa wa pili nimeusikia.

Sina la kusema leo. Jana nimeshona upande mmoja wa sketi mara tatu na kuufumua mara tatu. Nikipata la kusema nitasema. Lakini hujapungua kitu kwangu kwa kunieleza. Hilo lichukue.

Mama mkwe wako

*

6 Oktoba

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo.

Barua yako ina mahali umeandika "mwambie aangalie chini". Nani aniambie? Mimi ndiye ninayesoma. Au uzee, Mama. Samahani kwa utani.

Nimeangalia chini.

Kiwandani kuna mashimo manne tuliyochimba udongo tukayaacha. Yamejaa maji. Nilikuwa nayapita kila siku na toroli, kwangu yalikuwa mashimo. Sasa saa ya kula nakwenda kukaa ukingoni. Tanuri linawaka nyuma yangu siku ya tano. Joto lake linafanya hewa icheze. Ukitazama ng'ambo kila kitu kinaelea. Miti inaelea, ukuta unaelea, mpakiaji akipita anaelea, hana miguu. Maji hayatikisiki. Mawingu yako chini, mimi niko juu yake. Kuna siku nilisinzia macho wazi. Nikamwona mwenzangu amesimama ndani ya yale maji, maji hayamloweshi, ameinua kidole ananionyesha kitu nyuma ya kichwa changu. Nikageuka. Hakuna kitu. Nilipotazama tena, kereng'ende tu.

Sikuogopa. Nilikaa mpaka kengele ikalia, nikachelewa kurudi.

Hapa sasa jina langu Rubani. Mpakiaji kila asubuhi ananiuliza, "Rubani, ndege saa ngapi?"

Nikamwambia imechelewa.

Akasema, "Basi beba mizigo ya abiria," akanisukumia toroli.

Wamecheka wote. Nami nimecheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini.

Mama, ningeweza kudanganya. Maneno yako nimeyashika yote, kola, bitana, vifungo vya mkiani. Ningekuandikia kwamba nimemwona na usingejua. Mtoto ningekuwa naye wiki ijayo. Nimekaa na karatasi hii siku mbili nikilifikiria hilo.

Sijamwona.

Umesema koo rangi ya kutu. Mimi nikifumba macho sioni kutu. Naona tofali. Si la pembeni lililobaki jeupe, wala la karibu na moto lililoungua. La katikati ya tanuri, lililoiva. Tunalijua kwa kuligonga, linalia kama kengele. Nadhani koo lake ni hilo.

Nitaendelea kukaa ukingoni.

Mkweo

*

14 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hii naandika mimi peke yangu. Bibi amelala mchana, cherehani nimeifunika kitambaa, naandikia juu yake asisikie karatasi.

Baba, barua zote za Bibi nimeandika mimi. Yeye anasema, mimi naandika. Na zako mimi ndiye ninayemsomea. Bibi haoni. Jicho moja liliingia ukungu kabla Mama hajafa, la pili mwezi wa sita. Hajamwambia mtu. Watu wanaleta vitambaa, mimi nakata kwa kufuata chaki, natunga uzi, yeye anakanyaga cherehani na kushona kwa vidole. Mishono inanyooka kuliko yangu. Mteja akija Bibi anageuza uso dirishani kama anatazama nje, anasema weka hapo mezani, nitaitazama.

Pale penye "mwambie" nilikosea. Alisema mwambie, nami nikaandika mwambie. Ulipouliza nani akwambie nilishtuka, nikaruka mstari huo sikumsomea.

Sasa ukurasa wa pili. Niliona umeandika usimsomee mtoto. Lakini Bibi hana mtu mwingine wa kumsomea. Akasema, "Mbona umesimama?" Nikasoma. Katikati Bibi akasema basi, inatosha. Nikamaliza hivyo hivyo.

Baba, nilikuwa najua. Jumanne ile Mama alikuwa kitandani nikamuuliza baba anakuja leo? Akasema leo haji, leo wana zege, na baba yako akianza zege huwezi kumtoa hata kwa kamba. Alisema anacheka. Alikuwa hajui kwamba anakufa. Na wewe ulikuwa hujui. Mimi pia.

Nilitaka kukuandikia hilo tangu siku ile, lakini barua zilikuwa za Bibi.

Jambo lingine. Mbayuwayu wako hapa. Wamefika tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, saa nne asubuhi, ndege sita, kwenye waya unaopita juu ya kisima. Bluu, paji, koo, mkanda, vyote vipo. Wengine mikia mifupi na koo limefifia kidogo, nadhani ni watoto wa mwaka huu. Sasa ni wengi, waya umelegea. Wakiruka wote pamoja waya unabaki unatikisika wenyewe.

Sikumwambia Bibi. Akijua atasema nifunge nguo zangu. Nani atamtungia uzi? Kila siku ananiuliza, wamefika? Nasema bado. Anasema mwaka huu wamechelewa. Siku moja walipiga kelele sana akainua uso akatabasamu, akasema, "Hao nani?" Nikasema shomoro. Akarudi kukanyaga cherehani. Nilijisikia vibaya mpaka jioni.

Na mimi sikusema nataka kwenda nyumbani mbayuwayu wakija. Bibi aliniuliza lini nataka kwenda kwa baba. Nikasema mbayuwayu wakija, maana wakija wewe unakuja mwenyewe, hakuna haja ya kwenda. Mama alikuwa akiwaona tu kwenye waya anasema, haya, fagia, baba yako yuko njiani. Na kweli unakuja. Kila mwaka. Sikujua anajuaje.

Sasa wamekuja, wewe hujaja. Nilidhani umekasirika. Halafu barua zako zinasema unawangoja. Nikaona wewe unangoja huko, mimi nangoja huku, na wao wako kwenye waya wanapiga soga.

Usimwambie Bibi kwamba nimekwambia habari ya macho. Atasema nimemvua nguo mbele ya watu.

Sindano

(Ni mimi. Jina la huku.)

*

19 Oktoba

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo Mama.

Nimeshindwa.

Ndege sijamwona, na kwa hali hii sitamwona. Tatizo ni macho yangu, Mama. Vumbi la tanuri limeyala. Teleka namwona mbayuwayu, wa kofia namwona mbayuwayu. Juzi nimetazama kifuniko cha chupa kwenye maji nikasimama. Mpakiaji amenicheka mpaka akakaa chini.

Mtu wa macho haya hawezi kufundishwa kwa barua. Anatakiwa akae karibu na mwalimu. Kwa hiyo naomba kitu. Sikuombi mtoto tena. Naomba unipokee mimi. Una chumba cha nyuma. Najua si kawaida mkwe kuhamia kwa mkwewe na watu watasema. Waseme. Nyuma ya kisima chako niliona udongo mwekundu, unashikana vizuri mkononi. Nitafyatua matofali hapo hapo, kalibu ninazo mbili. Mtu wa udongo hana kwao, kwao ni penye udongo. Ukuta wako wa jikoni pia umeinama, siku za msiba niliuona. Sikusema kwa sababu haikuwa siku yake.

Nisaidie, Mama. Peke yangu naharibika.

Sindano, hapa acha kusoma kwa sauti. Soma kimya. Bibi akiuliza, sema mwandiko wa baba mbaya, unatafuta maneno.

Mwanangu. Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimetoka nje. Lile alilolisema mama yako Jumanne, nimelisoma mara nyingi mpaka karatasi imelainika. Asante ni neno dogo. Nilikuwa nimejiandaa kuchukiwa, nikakuta nilikuwa nimechekwa. Nilibaki pale ukingoni nalia kama mtu aliyeumwa na nyuki, nyapara amefika, amenitazama, ameondoka bila neno. Nyapara yule bila neno, ujue.

Macho ya Bibi nimeyaelewa. Mbele yake sijui chochote. Ndiyo maana hapo juu macho mabovu ni yangu.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata mama yako sikumwambia, kwa sababu nimekijua juzi. Kule kambini, kila mwaka kabla mvua haijatufunga, kulikuwa na ndege wanaofuata greda. Greda likikata majani wadudu wanaruka, nao wanapita chini kabisa, usawa wa magoti. Wanapita kati ya miguu ya watu. Wananigusa suruali kwa upepo wao. Nilikuwa nawapungia kofia waondoke, nikihofia nitawakanyaga. Wiki moja, mbili, mvua inashuka, kambi inafungwa, napanda lori. Nafika nyumbani mama yako kasimama mlangoni, uani pamefagiliwa, anasema, "Nilijua." Sikuwahi kumuuliza alijuaje. Nilidhani wanawake ndivyo walivyo.

Ni wao, Sindano. Koo lile jekundu nililiona miaka kumi na minne, karibu kuliko hata Bibi alivyowahi kuliona. Sikujua kwamba nimeona.

Nakuja. Ndege wa hapa wakija watanikosa.

Haya, endelea kwa sauti.

Mama, nasubiri neno lako. Ukisema hapana nitaheshimu, kama nilivyoheshimu la kwanza.

Mkweo

*

24 Oktoba

Mkwe wangu,

Marahaba.

Mtoto alifika katikati ya barua yako akanyamaza. Nikashona pindo zima la sketi, mbele na nyuma, bado kimya. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mwandiko wa baba mbaya. Pua yake ilikuwa imeziba.

Mwandiko wako naujua. Nilikuona ukiweka jina siku ya ndoa, herufi kubwa kama unapanga ukuta, kila moja na nafasi yake. Hata kuku angesoma. Basi ameshakwambia. Huyu anayeandika hapa ameacha kuandika ananitazama, nasikia. Andika, mama, sijakasirika. Andika na hilo.

Sioni, mkwe. Nilikuuliza habari za ndege kwa ukali ule kwa sababu nilitaka mtu anionyeshe. Dunia yangu sasa ni kitambaa na sauti. Nakaa hapa kama mtu aliyefunikwa shuka jeupe, kila kitu kiko upande wa pili. Barua yako ya mashimo ya maji niliomba isomwe mara tatu. Hiyo ilinitoa nje ya shuka.

Na si shomoro. Nilijua siku ya kwanza, saa nne ile ile. Sauti ile siwezi kuikosea. Nilinyamaza kwa sababu yake mimi pia. Nilijua nikisema wamefika, atakwenda. Sote wawili tuliwaficha ndege wenye kelele, waya uko juu ya vichwa vyetu. Sasa hivi tumecheka mpaka uzi umekatika.

Lile la zege, nilisema nikipata la kusema nitasema. Mtoto amenieleza sasa hivi, binti yangu ameshalisema, na alilisema vizuri kuliko mimi.

Njoo. Chumba cha nyuma kina cherehani ya zamani ya kukanyaga, ya chuma. Iondoe mwenyewe, sisi hatuiwezi. Watu wakisema, watasema huku wakileta sare zishonwe. Ukuta wa jikoni niliusikia ukiinama kabla yako.

Mtoto anauliza kama anaweza kuongeza lake hapa chini. Nimemwambia aongeze, wala sitauliza.

Mama mkwe wako

Baba, kuna mmoja anakaa mwisho wa waya, karibu na nguzo, mbali kidogo na wenzake. Mkia wake una uzi mmoja tu, wa pili umekatika. Nimemchagua huyo uanze naye, hutamkosea. Lakini fanya haraka. Bibi anasema wakikaa huku wanabadilisha manyoya, uzi mwingine utaota.